Vumbi Chini ya Maji

Siku hizi mgeni akifika Kebirigo haulizi mto uko upande gani. Anauliza bwawa la kuogelea liko wapi, na watu wanamwonyesha kwa kidevu: kule juu, kwenye nyumba ya wageni ya Madam Jacinta, yenye mabati mekundu na ukuta wa mawe. Mto wenyewe uko pale pale, ila umekuwa kitu cha kupitwa tu. Mikaratusi imepandwa hadi kwenye midomo ya chemchemi na kuzinyonya, majani chai yameteremka hadi ukingoni, na mvua ikinyesha mbolea ya mashambani inaporomokea majini pamoja na matope na chupa za plastiki. Zamani, kabla ya masika, wanaume wa kila kilima walitoka siku moja na majembe yao, wakafyeka ukingo, wakaparura mawe ya chemchemi, wakanywa uji ulioletwa na wake zao, na asiyetoka alisemwa mwaka mzima. Nani anatoka leo? Kila mtu ana mfereji wake, au hana, na huyo asiye nao anunue maji.

Bwawa la Madam Jacinta lina mtunzaji, jina lake Nyasani. Ni mtu wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, mwenye mikono mirefu na mwili usiojua kutulia. Hata akila anasimama mara mbili tatu kwenda kuangalia kitu nje, na akirudi hakumbuki alikwenda kuangalia nini. Kabla ya kazi hiyo alikuwa mtu wa samaki. Miaka ile watu walipohimizwa wachimbe vidimbwi vya samaki, kila mwenye bonde alichimba. Wengi walichoka, vidimbwi vikawa mashimo ya vyura. Nyasani hakuchoka. Chake kipo hadi leo chini ya migomba ya babake, na ngege wamo.

Sasa, mtu wa samaki hufundishwa kwamba maji mazuri ni maji ya kijani. Anatia samadi ya ng'ombe kwenye kona iliyozungushiwa fito, anasubiri, kisha anatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akiona kiganja chake, maji bado yana njaa. Kiganja kikipotea, samaki watashiba. Nyasani alifanya hivyo kwa miaka mingi, akayapenda maji mazito kama mtu anavyopenda ugali mgumu. Halafu akaajiriwa mahali ambapo ukijani ni adui.

Fundi aliyejenga bwawa alimfundisha alasiri moja, akamwachia mitungi ya dawa, brashi na kile kipimo kidogo cha matone. Mengine Nyasani aliyajua kwa kuharibu. Alijua kwamba mwani, yaani huo ukijani unaoota majini, si wa aina moja. Kuna wa kijani wa kawaida, unaofanya maji yawe kama supu ya kunde na sakafu iteleze. Huo una vishindo vingi lakini ni mwoga. Ukiupiga brashi na klorini, unakufa. Kuna mweusi, unaokaa kwa madoa katika nyufa za saruji kama chunjua, na una mizizi. Usipoukwangua kwa brashi ya waya, dawa inapita juu yake tu. Na kuna wa manjano. Huo fundi aliutaja akiwa tayari ameshika mlango wa gari: unapenda kivuli, alisema, unafanana na vumbi. Nyasani hakuuliza zaidi. Barabara ya murram inapita hapo karibu, na vumbi lilikuwa jambo la kila siku.

Habari hii haingekuwa habari kama si babake, Mzee Angwenyi.

Mzee huyu alikuwa mmoja wa wachache wa rika lake ambao kanisa lilikuwa halijawapata. Mkewe, Bathsheba, alibatizwa mtoni akiwa msichana, na tangu hapo kila Sabato alikwenda kanisani akakaa kwenye benchi lenye nafasi pembeni yake. Wachungaji walikuja nyumbani, mmoja baada ya mwingine, wakala ndizi, wakaomba, wakaenda. Angwenyi hakubishana na Mungu. Alibishana na maji. Alipokuwa mtoto ndugu yake aliteleza mtoni wakati wa mvua, na wanaume walimtafuta kwa fito siku nzima kwa sababu maji yalikuwa matope matupu na hakuna aliyeweza kuona chini. Angwenyi alisimama ukingoni akiona fito zinavyoingia na kutoka. Tangu siku hiyo alisema hataingia katika maji asiyoona chini yake, na kanisa la mkewe halibatizi kwa kunyunyiza.

Kisha mto ukachafuka kiasi kwamba hata kanisa liliukimbia, likaanza kubatizia kwa Madam Jacinta. Siku moja ya kiangazi mzee alifika huko kumwita mwanawe kwa habari ya ng'ombe aliyevunja ua. Akasimama kwenye ukingo wa bwawa. Kulikuwa na jani la mparachichi sakafuni, na mishipa yake ilionekana moja moja. Alilitazama jani lile kwa muda mrefu, ng'ombe akasahauliwa, kisha akasema hapo anaweza kuingia. Nyasani alidhani ni mzaha. Jioni alimwambia mamake. Kesho yake asubuhi Bathsheba alikwenda kwa fundi cherehani kushonesha kanzu.

Mzee alikuwa amekonda mwaka huo, akipumua kwa sauti hata akiwa ameketi. Hakuna aliyesema kwa nini kuna haraka. Ubatizo ulipangwa Sabato ya karibu.

Jumatatu ya wiki hiyo Nyasani alikuta vumbi bwawani. Lilikuwa limekaa chini ya ukuta, upande wa mianzi, la rangi ya unga wa mtama. Alilipiga brashi. Likanyanyuka kama moshi, likatawanyika, pampu ikalivuta, na kufikia saa sita maji yalikuwa safi. Jumanne lilikuwa limerudi pale pale. Alilifagia tena, akaongeza klorini kidogo kama kawaida, na alasiri lilikuwa limekaa tena kama lisilojua limefukuzwa. Nyasani akaanza kuzunguka bwawa. Alizunguka na brashi, akazunguka bila brashi. Wapishi waliomwona dirishani walisema mtu huyu amepoteza ufunguo.

Madam Jacinta aliteremka akiwa amevaa viatu vyake vya ofisini, akatazama, akamwambia kwa upole ule unaotisha kwamba picha za ubatizo siku hizi zinafika kwenye simu za watu kabla ya amina, na yeye hataki jina la nyumba yake lionekane kando ya maji ya namna hiyo. Kama Ijumaa hayajatakata, atampigia Pasta Thadeus awapeleke watu wake kwingine. Nyasani alijua kwingine ni wapi. Kwingine ni mtoni.

Jioni hiyo mzee mwenyewe alikuja na fimbo yake. Alikuwa akija kila siku sasa, kama mtu anayekwenda kumwangalia ndama aliyemlipia. Alisimama, akainama, akaangalia upande wa mianzi.

"Hii ni nini?"

"Vumbi tu, Tata. La barabarani."

Mzee aligeuka akatazama barabara, akatazama bwawa zima, kisha akarudi kwenye ukuta ule. "Vumbi gani hili linalochagua kivuli?"

Akaenda zake bila kungoja jibu. Nyasani alibaki na maneno ya fundi masikioni, yale ya kwenye mlango wa gari.

Jumatano alishuka Kisii hadi dukani kwa Abdirahim, karibu na soko la Daraja Mbili, mahali panapouzwa mabomba, rangi na dawa za maji. Abdirahim alimjua tangu enzi za samaki, na kila akimwona humtania kwamba amekuja kununua sumu ya kuua chakula cha ngege wake. Siku hiyo Nyasani hakucheka. Alieleza kila kitu akiwa amesimama, akihama kutoka mguu huu hadi ule, mpaka mwenye duka akamwomba aketi kwa sababu anamtia kizunguzungu.

Abdirahim alisikiliza, akasema huo ni mwani wa manjano, tena ni jeuri. Haufi kwa kuonjeshwa klorini. Kwanza yapimwe maji, na yakiwa hayana uchachu wa kutosha yatiwe dawa ya kuyaongezea uchachu, la sivyo klorini italala usingizi. Kisha kuta zipigwe brashi zote, hata zile zinazoonekana safi, na klorini itiwe mara tatu ya kawaida jua likizama, kwa maana jua huila. Pampu isizimwe. Na kila kitu kinachogusa maji yale kiingie humo humo kipate dawa.

"Unaingiza nini majini?" aliuliza.

Nyasani akataja: brashi, mpira wa kufyonzea, mpini wake mrefu, wavu wa kuopolea majani.

"Wavu huo umenunua kwangu?"

Nyasani akasema hapana, ule wa kazini ulichanika mwezi uliopita, naye hakutaka kumsumbua Madam. Amekuwa akibeba wake wa nyumbani.

"Wa nyumbani wa kufanyia nini?"

Hapo Nyasani aliinuka tena, akamwambia. Ulikuwa wavu wa kuopolea ngege. Kila Jumapili aliutumbukiza katika maji ambayo yeye mwenyewe aliyalisha samadi, akautikisa, akaufunga kwenye baiskeli, na Jumatatu akautumbukiza bwawani.

Abdirahim aliweka kalamu chini. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa akichagua vitasa akageuka. "Wallahi, mzee, Jumapili unaufuga mwani, Jumatatu unaupeleka kazini. Hata mtoto wa shule hapelekwi kwa bidii hiyo."

Kisha akaona uso wa Nyasani, akaacha kucheka. Alimpimia dawa mwenyewe na kumwonya. Klorini ya wingi huo ikishaingia, mtu asiguse maji mpaka ishuke, maana itamchoma macho na kumbana kifua, na babake mzee ndiye ataumia zaidi. Jua ndilo linaloishusha. Aliuliza ubatizo ni lini, akachungulia nje ambako mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji, akasema basi aombe jua.

"Wewe Mwislamu ndiye wa kuniambia niombe jua kwa ajili ya ubatizo?"

"Jua ni letu sote. Omba."

Alhamisi alifanya kazi kama anayefukuzwa. Alipima, akayatia maji dawa ya uchachu, akapima tena. Alipiga brashi kuta zote, ngazi, nyuma ya ngazi, na ndani ya tundu la taa ambalo hakuwa amelifikiria kamwe, na humo akakuta vumbi lile limejificha. Jua lilipozama alikoroga klorini katika ndoo ya maji, unga ukiingia kidogo kidogo, akaizungusha bwawani huku akirudi nyumanyuma. Brashi, mpira na mpini vyote alivitupa humo. Wavu wake hakuutupa. Aliukunja akaurudisha nyumbani, na baiskeli akaisukuma njia yote kwa mkono kwa kuwa hakuweza kukaa juu yake.

Ijumaa maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Huo ndio mwani uliokufa, na mtu asiyejua angesema mambo yameharibika zaidi. Madam Jacinta alisema hivyo hasa, akakubali kwa shida kungoja hadi asubuhi kabla ya kumpigia Pasta. Nyasani alifyonza uchafu wa chini akautoa nje kabisa, akaosha chujio, akangoja, akaliosha tena. Kuanzia saa sita mvua ikanyesha, mvua nyembamba ya Nyamira isiyo na hasira wala mwisho, na jua halikuonekana hata mara moja.

Sabato asubuhi bwawa lilikuwa limetakata. Sakafu ilionekana kila pembe, hata alama za mwiko wa fundi kwenye saruji. Nyasani alichota maji kwenye kipimo, akadondosha matone. Maji yanayofaa hugeuka manjano hafifu. Haya yaligeuka rangi ya machungwa, rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji; klorini ilikuwa bado kali. Akamwaga, akachota upande mwingine. Machungwa.

Aliketi kwenye ngazi, akainuka hapo hapo. Hakuna mtu mwingine aliyejua kusoma kipimo kile. Angeweza kukiweka mfukoni. Watu walikuwa wameanza kuingia langoni na leso zao na nyimbo zao, na babake alikuwa mbele, amevaa kanzu nyeupe juu ya suruali, miguu mitupu, Bathsheba nyuma yake akibeba viatu. Mzee alikwenda moja kwa moja ukingoni. Alitazama.

"Naona chini," alisema. "Mwite Pasta tuingie."

Nyasani alimwendea Pasta Thadeus kwanza, akamweleza pembeni. Pasta ni kijana msomi mwenye haraka, na alishindwa kuelewa maji yaliyo safi hivyo yana kosa gani. Nyasani akamwambia ni safi kupita kiasi, na akiwaingiza watu humo atawatoa wakikohoa. Madam Jacinta akauliza kwa nini anaambiwa leo, mbele ya wageni. Nyasani akamgeukia babake. Alisema tu, "Tata, ngoja kidogo."

"Nimekuwa nikiambiwa niingie tangu kabla hujazaliwa," mzee alisema. "Nimekuja. Wewe ndiye unayeniambia ningoje?"

Bathsheba alimtazama mwanawe kwa namna ambayo ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alimjua mumewe. Alijua kwamba akitoka langoni hatarudi.

Pasta akaamua ibada iendeshwe kwanza pale nyasini, na ubatizo uwe alasiri. Nyasani hakusikia hubiri. Alifungua njia ya kutolea maji, akapunguza bwawa, akafungulia tangi la nyumba ya wageni lijaze mengine, mpaka wapishi wakaja kulalamika kwamba jikoni hakuna maji. Saa nne jua likatoka. Alipima. Machungwa, lakini machungwa ya kuchoka. Akazunguka, akapima. Mara babake alinyanyuka akatembea hadi langoni na fimbo yake, akasimama, akatazama barabara. Nyasani alisimama pia na kipimo mkononi, matone yakimwagikia vidole. Mzee alirudi. Baadaye akaenda tena langoni, akakaa zaidi, na akarudi.

Zamani mtu alibatizwa alfajiri, mtoni, ukungu ukiwa bado juu ya maji, na hakuna aliyepima chochote. Pasta aliingia, mtu akaingia, wakaimba wakienda nyumbani, na watoto wakateka maji pale pale ya kupikia. Sasa umati mzima ulikuwa umeketi kwenye viti vya plastiki ukingoja rangi ibadilike ndani ya kijichupa.

Ilipofika alasiri mawingu yalikuwa yakipanda tena kutoka upande wa Manga. Nyasani akapima, akainua kipimo dhidi ya ukuta mweupe. Manjano hafifu. Akapima upande wa pili kwa kuwa hakuyaamini macho yake. Manjano hafifu. Alimpungia Pasta mkono, na Pasta akaingia majini, kanzu yake ikielea, watu wakaanzisha wimbo. Mzee Angwenyi ndiye wa kwanza, kwa heshima ya umri. Aliweka mguu kwenye ngazi ya juu. Hapo matone ya mvua yakaanza kudondoka.

Yalikuwa matone makubwa, na kila moja lilifungua duara lake juu ya maji. Kufumba na kufumbua uso wote wa bwawa ulikuwa umevurugika, kijivu, na sakafu ikapotea.

Mzee akarudisha mguu. "Chini imeenda wapi?"

Pasta akamwambia ni mvua tu, mzee wetu, chini ipo. Wengine wakasema njoo, mzee, njoo. Kadiri walivyomwita ndivyo alivyozidi kuegemea nyuma, mkono ukitafuta fimbo ambayo mkewe alikuwa ameishika. Bathsheba hakumpa. Wala hakumkataza. Alisimama nayo tu, mvua ikimpiga usoni.

Nyasani aliingia. Hakuvua kitu, aliingia na shati lake la kazi na suruali yake, akapita ngazi, akaenda akasimama kando ya Pasta, akageuka.

"Tata, nitazame mimi. Maji yananifika hapa." Aliweka kiganja mbavuni. "Nimekanyaga sakafu."

"Unaiona?"

"Siioni. Nimeikanyaga."

Mzee alimtazama. Wimbo ulikuwa umekatika, watu wakijifunika leso vichwani.

"Usisogee," alisema Angwenyi.

"Sisogei."

Aliteremka ngazi ya kwanza, akasimama. Ya pili. Kanzu yake ikajaa hewa ikavimba, naye akaigandamiza kwa mkono kwa hasira. Kwenye ya mwisho alinyoosha mkono akalishika bega la mwanawe, akalibana mpaka likauma, na hakuliachia hata Pasta alipomshika kisogo na kutamka maneno. Alizamishwa akiwa bado amelishika. Nyasani aliuhisi mkono ule ukikaza chini ya maji, kisha mzee akaibuka, macho yamefumbwa, akipuliza maji puani kama fahali.

"Imeisha?" aliuliza.

Pasta akamwambia imeisha.

Bathsheba alikuwa ameshaingia hadi ngazi ya pili na leso yake, gauni lake la Sabato likiloa. Alimzungushia mumewe leso hiyo mabegani, akamwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisikia, na wawili hao wakapanda kwenda kujikinga chini ya paa la jikoni.

Nyasani naye akageuka atoke. Lakini kwenye ngazi alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, anaitwa Damaris, mwenye kanzu ya kuazima inayomburuta. Aliyatazama maji yaliyovurugika, akamtazama Nyasani.

"Wewe kaa hapo hapo," alimwambia. "Nami nikuone unapokanyaga."

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Nyasani akabaki. Mvua iliendelea kumnyeshea, midomo ikawa ya buluu, na mtu mmoja baada ya mwingine aliteremka akamshika bega, naye hakuhamisha mguu hata mara moja.